Shokamzoba zikichoka, breki nazo hudhoofika

FAMILIA nyingi nchini hukumbuka kubadilisha mafuta ya injini, kununua matairi na kukagua breki kabla ya safari ndefu ya kwenda mashambani mwezi Desemba. Ni chache zinazokumbuka shokamzoba, vifaa vilivyojificha nyuma ya magurudumu ambavyo mafundi wengi huviita shoki kwa ufupi.

Chanzo cha kusahaulika huko ni kwamba shokamzoba haifi ghafla. Huchoka kidogo kidogo, kilomita baada ya kilomita, na dereva huizoea hali mpya ya gari lake bila kutambua kwamba limebadilika. Hupunguza mwendo kwenye kona bila kujua ni kwa nini, na hulaumu barabara kwa mtikisiko ambao kwa hakika unatoka garini.

Siku atakapolazimika kufunga breki kwa nguvu kwa sababu ya mtoto au ng'ombe aliyejitokeza barabarani, ndipo atakapogundua kwamba gari halisimami pale alipotarajia.

Fikra iliyoenea ni kuwa kazi ya shokamzoba ni kuwapa abiria starehe. Kwa sababu hiyo, mwenye gari aliyebanwa na karo na matumizi ya nyumbani huona kwamba starehe inaweza kusubiri. Fikra hiyo ni hatari. Starehe ni faida ya pili. Kazi ya kwanza ya shokamzoba ni kuhakikisha kwamba tairi haliiachi barabara.

Breki, usukani, hata mifumo ya kisasa kama vile ABS, yote hutegemea sehemu ndogo ya tairi inayogusa ardhi, ambayo katika gari dogo haizidi sana upana wa kiganja cha mkono. Tairi likiwa hewani, hakuna breki inayoweza kulisimamisha gari, iwe mpya au kuukuu.

KAZI YAKE NI IPI?

Watu wengi hudhani kwamba shokamzoba ndiyo inayobeba uzito wa gari. La hasha. Katika magari mengi, uzito hubebwa na springi. Springi inapobanwa na tuta au shimo huhifadhi nguvu, na inapoachiliwa huirejesha nguvu hiyo kwa kuruka juu. Kama ingeachwa peke yake, gari lingedundadunda kama mpira muda mrefu baada ya kupita tuta.

Shokamzoba ndiyo inayoituliza springi hiyo. Ndani yake mna silinda iliyojaa mafuta na pistoni iliyoshikiliwa na ufito wa chuma. Pistoni hiyo ina matundu madogo na vali. Gurudumu linapopanda au kushuka, pistoni hulazimika kupenya katika mafuta, nayo mafuta hupita kwa shida katika matundu hayo. Nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto, na joto hilo hupotelea hewani. Ndiyo maana shokamzoba za gari lililotoka safari ndefu ya barabara mbovu huwa za moto.

Bodi ya gari hupanda na kushuka kwa wastani wa mara moja hadi mbili kwa sekunde moja. Gurudumu lenyewe, kwa kuwa ni jepesi kuliko bodi, linaweza kudunda mara 10 hadi 15 katika sekunde hiyo hiyo. Mdundo huo wa haraka ndio ulio hatari zaidi, na ndio ambao dereva huuhisi kwa uchache.

Gari linaloenda kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa husonga takriban mita 28 kila sekunde. Gurudumu likipaa kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, gari litakuwa limekwenda karibu mita tatu bila gurudumu hilo kushika breki wala kufuata usukani. Mdundo huo ukirudiwa mara kadhaa katika barabara yenye mawimbi, mita hizo huongezeka hadi zikawa tofauti kati ya kuponea chupuchupu na ajali.

AINA ZINAZOPATIKANA

Shokamzoba nyingi za magari ya familia ni za silinda mbili, moja ikiwa ndani ya nyingine. Pistoni husafiri katika silinda ya ndani, na ile ya nje huhifadhi mafuta ya ziada. Zile za kawaida huwa na mafuta na hewa pekee. Zile zinazoitwa za gesi huongezewa naitrojeni yenye shinikizo la chini ili kuzuia mafuta yasitoe povu yanaposukasukwa.

Povu ni adui mkubwa kwa sababu pistoni hupita ndani yake bila kizuizi. Gari linapokimbia kwa muda mrefu katika barabara ya changarawe yenye mawimbi kama mabati, mafuta hupata moto na kutoa povu, na shokamzoba iliyokuwa imara asubuhi hulegea kufikia adhuhuri. Gesi hupunguza tatizo hilo.

Kuna pia shokamzoba za silinda moja, ambamo gesi ya shinikizo la juu hutenganishwa na mafuta kwa pistoni ya ziada. Hizi hupoa upesi na hustahimili kazi nzito, lakini bei yake huwa juu na mwendo wake huwa mgumu zaidi. Isitoshe, silinda yake ikibonyezwa na jiwe, pistoni inaweza kukwama.

Katika magari mengi madogo, shokamzoba za mbele zimeunganishwa na springi na kuwa nguzo moja inayolishikilia gurudumu lenyewe. Muundo huu huitwa MacPherson, kutokana na jina la mhandisi Mmarekani, Earle S. MacPherson, aliyeubuni katika miaka ya 1940. Ulipata umaarufu kupitia magari ya Ford Consul na Ford Zephyr yaliyozinduliwa Uingereza mwaka wa 1950. Zephyr ilikuja kushinda mashindano ya magari ya Safari mwaka wa 1955, ushahidi kwamba muundo huo ungeweza kuhimili barabara za Afrika Mashariki.

Hadi leo, ukifungua boneti ya gari kama vile Toyota Axio, Toyota Fielder au Mazda Demio, utaona vichwa vya nguzo hizo pande zote mbili za injini. Katika magari hayo, nguzo ya mbele ikilegea, gari hupoteza kituliza mdundo na pia sehemu ya kiungo kinacholielekeza gurudumu.

DALILI ZA UCHAKAVU

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Shokamzoba zinazochoka pia hutoa dalili, ila yampasa mwenye gari kuzitafuta.

Dalili ya kwanza ni pua ya gari kuinama sana dereva anapofunga breki, na mkia kuzama anapoondoka kwa kasi. Ya pili ni gari kuyumba kama mashua kwenye kona au linapopitwa na lori. Ya tatu ni kuendelea kudunda baada ya kuvuka tuta, badala ya kutulia mara moja. Usiku, dereva anaweza kuona mwanga wa taa zake ukipanda na kushuka barabarani ingawa barabara yenyewe ni tambarare.

Dalili nyingine huonekana kwenye matairi. Tairi linalodundadunda huliwa kwa mabaka, sehemu moja ikiwa juu na nyingine chini, hali inayoweza kuhisiwa kwa kupitisha kiganja juu ya uso wake. Mwenye gari anayenunua matairi mapya kila mara bila kuuliza sababu ya mabaka hayo hulipia shokamzoba mbovu bila kuzipata.

Mafuta yanayovuja ni ishara ya wazi zaidi. Hata hivyo, ni muhimu kutofautisha kati ya unyevu na mtiririko. Utando mwembamba wenye vumbi karibu na sili ya ufito unaweza kuwa wa kawaida. Mafuta yanayotiririka hadi chini ya silinda yanamaanisha kwamba sili imeharibika na kifaa hicho hakina budi kubadilishwa.

Lipo jaribio linalopendwa na madereva wengi. Mtu hukandamiza kona moja ya gari kwa nguvu na kuiachilia ghafla. Gari likipanda mara moja na kutulia, husemekana kuwa shokamzoba ni nzima, na likidunda mara mbili au zaidi, limechoka. Jaribio hili hufichua shokamzoba iliyokufa kabisa, lakini haliwezi kufichua iliyo nusu hai. Mkono wa binadamu hauwezi kuiga kasi ya gurudumu linalopita kwenye mashimo. Kwa hivyo gari linaweza kufaulu jaribio hilo kando ya nyumba na bado liwe hatari barabarani.

Ni vyema pia kufahamu kwamba si kila kelele hutokana na shokamzoba. Mlio wa kugonga unaposikika kwenye mashimo unaweza kusababishwa na bushi zilizokatika, linki za stabilaiza zilizolegea, boljointi iliyokwisha au maunti ya juu ya nguzo iliyopasuka. Fundi anayependekeza shokamzoba mpya kabla ya kuliinua gari na kuvikagua vifaa hivyo anabahatisha kwa pesa za mteja.

MUDA WA KUZIBADILISHA

Baadhi ya watengenezaji hupendekeza shokamzoba zikaguliwe kila baada ya kilomita 20,000 na zifikiriwe kubadilishwa zinapofikia takriban kilomita 80,000. Idadi hiyo ni mwongozo tu. Gari linalozunguka katika barabara za lami za jijini bila mzigo linaweza kupita hapo. Linalokwenda kila wiki katika barabara za changarawe, au kupakia magunia ya viazi na mahindi kila linaporudi kutoka mashambani, huenda lisifike.

Yapo mambo mawili ambayo mnunuzi wa Kenya anafaa kuyazingatia. La kwanza ni kwamba magari mengi ya familia huingia nchini yakiwa yametumika ng'ambo, hasa Japani, na kwa kawaida yanaruhusiwa kuwa na umri wa hadi miaka 8. Hata kama kilomita zake ni chache, mipira, bushi na sili zake tayari zimezeeka. Isitoshe, magari mengi kati ya hayo yalikusudiwa barabara laini, wala si matuta na mashimo.

La pili ni hali ya mahali. Katika miji ya Pwani, unyevu na chumvi ya bahari hula chuma cha ufito na silinda. Ufito ukishapata kutu au mikwaruzo, huikata sili kila unapoingia na kutoka, na mafuta huanza kuvuja.

KABLA YA KUNUNUA

Kanuni ya kwanza ni kubadilisha shokamzoba kwa jozi, yaani ya kulia na ya kushoto za mbele kwa pamoja, au za nyuma kwa pamoja. Ukiweka mpya upande mmja na kuuacha wa pili na kuukuu, gari litakuwa na nguvu tofauti pande zake, na linaweza kuvuta upande mmoja dereva anapofunga breki au kukwepa shimo. Anayeweza kugharamia jozi moja pekee na aanze na ekseli iliyo katika hali mbaya zaidi, kisha apunguze mwendo na mzigo hadi atakapoipata jozi ya pili.

Kanuni ya pili ni kutumia nambari ya chesisi, si jina la gari pekee. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na shokamzoba tofauti kwa sababu moja huendeshwa kwa magurudumu yote manne na jingine kwa mawili, au kwa sababu urefu wa springi zake si sawa.

Mfano mzuri ni Subaru Forester. Baadhi ya matoleo ya gari hilo yalitengenezwa yakiwa na shokamzoba za nyuma zinazojiinua zenyewe gari linapopakiwa mzigo. Shokamzoba hizo husaidia kuubeba uzito, na kwa ajili hiyo springi zake zimefanywa laini. Mwenye gari akiziondoa na kuweka za kawaida bila kubadilisha springi pia, atashangaa kuona mkia wa gari umeketi chini. Wengi wamerudi gerejini wakidai wameuziwa bidhaa mbovu, ilhali kosa lilikuwa kubadilisha kimoja na kukisahau kingine.

Kanuni ya tatu inahusu mahali pa kununua. Katika maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, mnunuzi anaweza kupata shokamzoba za aina nyingi, kuanzia mpya zenye majina yanayotambulika kama KYB na Monroe hadi zilizong'olewa kutoka kwa magari yaliyotumika ng'ambo. Umaarufu wa jina pia huvutia waigizaji. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ilipitishwa nchini mwaka wa 2008, lakini mlinzi wa kwanza wa mnunuzi ni macho yake mwenyewe. Anunue kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti yenye nambari ya bidhaa na waranti iliyoandikwa, na alinganishe nambari iliyo kwenye sanduku na ile iliyochapwa kwenye silinda.

Shokamzoba zilizotumika huvutia kwa bei. Hata hivyo, mnunuzi hawezi kujua zimekwenda kilomita ngapi, na kuusukuma ufito kwa mkono dukani hakuonyeshi uwezo wake barabarani. Anayenunua shokamzoba kuukuu ili kubadilisha nyingine kuukuu huenda akalipa gharama ya fundi mara mbili katika muda mfupi.

KAZI YA GEREJINI

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi, lakini akizijua hatua za kazi hii, atatambua mapema fundi anayekata njia.

Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu yasiyoinuliwa hutiwa kabari, na baada ya kuinuliwa kwa jeki hukalishwa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Katika nguzo ya mbele, fundi hulifungua gurudumu, kisha huondoa vishikizo vya mpira wa breki na waya wa ABS, linki ya stabilaiza, bolti mbili kubwa zinazoishikilia nguzo kwa chini na nati za juu zilizo chini ya boneti. Nguzo nzima hutoka pamoja na springi yake.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Springi iliyo ndani ya nguzo imebanwa kwa nguvu inayoweza kumvunja mtu taya au kumuua. Nati ya katikati iliyo juu ya nguzo haifunguliwi kamwe kabla ya springi kubanwa kwa kifaa maalumu cha kazi hiyo. Mafundi wanaofunga springi kwa waya au mnyororo huhatarisha maisha yao na ya kila aliyesimama karibu. Mteja akiona hali hiyo, yafaa aondoke pale na, ikiwezekana, aisimamishe kazi.

Springi ikiwa nje, ndio wakati wa kukagua na kubadilisha maunti ya juu, beringi yake, mpira wa kuzuia mgongano na kifuniko cha vumbi. Vifaa hivi si ghali vikilinganishwa na shokamzoba yenyewe, lakini kuvifikia baadaye kutahitaji kazi yote irudiwe.

Shokamzoba mpya ya silinda mbili husimamishwa wima, kisha ufito wake husukumwa na kuvutwa polepole mara kadhaa hadi mwisho ili kuondoa hewa iliyoingia upande usiofaa ilipolazwa sandukuni. Ufito haushikwi kwa koleo, kwani mkwaruzo mmoja tu unatosha kuikata sili.

Upande wa nyuma, magari kama Fielder huwa na springi iliyotengana na shokamzoba, na kazi huwa rahisi zaidi. Hata hivyo, ekseli inapaswa kuegemezwa kwa jeki na shokamzoba zibadilishwe moja baada ya nyingine. Zikifunguliwa zote mbili kwa pamoja bila ekseli kuegemezwa, inaweza kushuka ghafla, springi zikachomoka na mipira ya breki ikavutika.

Bolti zinazopita katika bushi za mpira hukazwa kikamilifu gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa gari likining'inia, bushi hujipinda gari linaposhuka, na hupasuka kabla ya wakati wake. Spana ya kupima nguvu ndiyo inayofaa kutumiwa kwa kazi hii.

Baada ya nguzo za mbele kufunguliwa, upangaji wa magurudumu, maarufu kama alaimenti, ni wa lazima. Anayeliruka jambo hilo ili kuokoa pesa kidogo atazilipa kwa jozi ya matairi iliyolika upande mmoja. Kadhalika, ni vyema kurudi gerejini baada ya siku chache ili bolti zote zikaguliwe tena.

JE, INAFAA KUBORESHA?

Wengi hutumia nafasi hii kutaka shokamzoba zilizo bora kuliko za kiwandani. Uamuzi huo unaweza kuwa wa busara, mradi mwenye gari ajiulize kwanza gari lake hufanya kazi gani.

Kwa familia inayoishi mjini na kusafiri mara chache, shokamzoba mpya zenye viwango vya kiwandani zinatosha. Mara nyingi mwenye gari anayedhani kwamba gari lake linahitaji kuboreshwa hajawahi kuliendesha likiwa na shokamzoba nzima.

Kwa anayesafiri mara kwa mara katika barabara za changarawe, zile za gesi zina manufaa kwa sababu ya joto na povu. Kwa gari la magurudumu manne linalokwenda maeneo kama Samburu au Turkana likiwa limejaa watu, maji na mafuta, shokamzoba za kazi nzito pamoja na springi zinazolingana nazo zinafaa. Viwili hivi huenda pamoja. Springi ngumu ikiwekewa shokamzoba laini, gari hudunda bila kutulizwa. Shokamzoba ngumu ikiwekewa springi laini, gurudumu huchelewa kurudi chini na hurukaruka juu ya mawimbi ya barabara.

Kwa hivyo, si kweli kwamba kilicho kigumu ndicho bora. Gari dogo lililowekewa shokamzoba ngumu kupita kiasi huwachosha abiria, hupasua maunti mapema na hushika barabara mbovu vibaya kuliko lilivyokuwa awali.

NJIA ZA MKATO

Kuliinua gari kwa kuweka vipande vya chuma, alumini au plastiki juu ya nguzo, maarufu kama spesa, kumeenea sana. Ni kweli kwamba matuta ya nchi hii hukwaruza magari mengi kwa chini. Lakini spesa haiboreshi shokamzoba hata kidogo. Huliinua gari na kuliacha na mdundo ule ule wa awali, huku kitovu chake cha uzito kikipanda, pembe za shafti zinazoendesha magurudumu zikibadilika na boljointi zikivutika. Gari lililoinuliwa sana huwa jepesi kupinduka linapokwepa kitu ghafla. Anayeamua kuliinua na afanye hivyo kwa kiasi kidogo, baada ya kuweka shokamzoba nzima, na aifahamishe kampuni yake ya bima ili asije akakataliwa fidia kwa kuficha mabadiliko hayo.

Kukata springi ili gari lishuke ni hatari vilevile. Springi fupi haikai sawasawa kwenye kiti chake, na hugonga mpira wa kuzuia mgongano kila mara.

Njia ya tatu ni kuzipeleka shokamzoba kuukuu zikatobolewe, zijazwe mafuta au gesi na kuchomelewa upya. Zipo shokamzoba chache, hasa za mashindano, zilizoundwa ili zifunguliwe na kukarabatiwa. Za magari ya kawaida zimefungwa kiwandani na hazikukusudiwa kufunguliwa. Tundu likichomelewa, vali zilizokwisha hubaki zile zile, sili hubaki ile ile, na kiasi cha mafuta hakijulikani. Ugumu unaohisiwa siku ya kwanza hudumu kwa muda mfupi tu.

KUPANGA GHARAMA

Anayeuliza bei na aulize jumla yote: shokamzoba mbili au nne, maunti, mipira, bushi, malipo ya fundi na alaimenti. Bei ya shokamzoba peke yake humdanganya mnunuzi, kisha kazi husimama katikati au hukamilishwa kwa vifaa kuukuu.

Inafaa pia kuuliza gharama ya kutofanya lolote. Shokamzoba iliyochoka hula matairi, hupasua bushi, hulegeza boljointi na huzidisha kazi ya breki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ukuta huo hujengwa kwa vifaa vyenye bei ya juu kuliko ufa wenyewe.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuendesha barabarani gari ambalo hali yake inaweza kuhatarisha watu. Shokamzoba zilizovuja mafuta yote huliingiza gari la familia katika fungu hilo, hata kama rangi yake inang'aa na injini yake haina kasoro.

Kabla ya safari ijayo, mwenye gari anaweza kutenga nusu saa na kuinama kando ya kila gurudumu akiwa na tochi. Atazame kama kuna mafuta yanayotiririka, apitishe kiganja juu ya kila tairi kutafuta mabaka, kisha aliendeshe gari polepole juu ya tuta moja na kuhesabu midundo. Akiona dalili mbili kati ya hizo, alipeleke gari gerejini kabla ya kupakia watoto na mizigo.